Kwa Mjomba Aliyefasiri Mahakamani

Mjomba wangu,

Shikamoo, ijapokuwa hutaniitikia. Huu ni mwaka wa nne tangu tukuzike Msambweni, na bado kuna watu mahakamani wanaoniuliza kama mimi ni mpwa wa yule mkalimani. Nawaambia ndiye mimi. Kisha wanashangaa kuniona nimekaa upande wa mashtaka.

Likizo za shule ulikuwa ukinichukua pamoja nawe, ukanikalisha benchi la nyuma na kunionya nisitafune kitu. Ulisimama kando ya kizimba, mikono nyuma. Mshtakiwa akisema Kidigo au Kiduruma, wewe ulimfikishia hakimu kwa Kiswahili. Niliiona kazi nyepesi, kwa kuwa hukuwa ukisema lolote lako mwenyewe.

Nilikuwa kidato cha pili uliponiambia nivae viatu twende Vanga. Ile barabara unaijua. Tulikuwa tumeshapita njia panda ya Shimoni uliponieleza tunakwenda kwa nani. Kulikuwa na mtu aliyeshtakiwa kwa kumjeruhi jirani yake. Aliposomewa shtaka alijibu kwa Kidigo kwamba alimpiga, maana jirani alikuwa amemkaba koo. Siku hiyo kesi zilikuwa nyingi na hakimu alikuwa na haraka. Ukasema, "Mheshimiwa, anasema ni kweli alimpiga." Ukakomea hapo. Akafungwa miaka mitatu. Alikaa ndani mwaka mmoja na miezi kadhaa, hadi majaji wa rufaa Mombasa walipoona kwamba hakukiri kosa, wakamwachilia.

"Sasa mimi nakuja kufanya nini?" nilikuuliza.

"Kusikia," ukasema. "Nisije nikarudi nyumbani nikajisimulia vingine."

Tulimkuta akikandika ukuta wa nyumba yake, udongo umemfika viwikoni. Ulimsalimu, akaitikia. Ukasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nikikufasiria."

"Nakukumbuka," alisema. "Ulivaa shati jeupe."

"Ulisema maneno mawili. Mimi nilifikisha moja."

Aliendelea kukandika. Nilihesabu makonzi matano ya udongo kabla hajasema tena. "Mke wangu alirudi kwao nikiwa ndani. Umekuja nikufanyie nini?"

"Sikuja unifanyie kitu. Nimekuja kukwambia."

"Basi umeshaniambia."

Akamwita mamake atuletee maji. Tukanywa, tukashukuru, tukaondoka. Hakukusamehe, Mjomba, wala wewe hukumwomba. Mimi nilikasirika kwa niaba yako. Nilidhani mtu aliyetoka mbali hivyo alistahili japo kupewa mkono. Ulipoona nimenuna ulisema tu, "Yeye hana deni langu."

Baada ya hapo ulibadilika, na wenzako walilalamika. Ulianza kuwakatiza mahakimu. "Mheshimiwa, hajamaliza." Wapo waliokuona mkaidi, na nilisikia kwamba yuko mmoja aliyeomba uhamishwe. Nyumbani hukulitaja jambo hilo. Ulinisaidia kujaza fomu za chuo kikuu, na nilipochagua sheria ulisema, "Haya. Lakini usikilize."

Sasa nikwambie yaliyotokea mwaka huu.

Siku hizi washtakiwa wengine hawaletwi mahakamani. Wanasomewa mashtaka wakiwa kituo cha polisi, sisi tunawaona kwenye skrini ukutani. Mambo yanakwenda haraka, mtandao ukikubali. Asubuhi moja alisomewa msichana wa Kinango, Mduruma, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani Diani. Shtaka lilisema kwamba, akiwa mfanyakazi wa mlalamishi, aliiba simu na mkufu wa dhahabu. Karani akauliza, "Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," akasema. Midomo iliendelea kucheza, lakini sauti ilikuwa imekatika.

Hakimu akaandika, kisha akanigeukia nisome maelezo ya kesi. Nilikuwa nayo mkononi. Ningeyasoma kwa dakika mbili na faili lile lingefungwa, na nyuma yake yalikuwepo mengine mengi. Nikasimama nikaomba msichana aletwe mwenyewe, na mkalimani wa Kiduruma apatikane.

Hakimu alinitazama juu ya miwani. "Bi kiongozi wa mashtaka, si wewe unayemshtaki?"

"Ndiye mimi, Mheshimiwa. Lakini sijui amekubali nini."

Aliniahirishia siku mbili. Nilipotoka nje, mama wa msichana alikuwa ananingoja, leso amejifunga kiunoni. "Mwanangu atalala ndani siku mbili zaidi kwa ajili yako," alisema. "Angekiri tu, angetozwa faini, tukaenda zetu nyumbani."

Nilimweleza kwamba kosa lile lingeweza kumfunga miaka. Hakuniamini. Zile siku mbili, Mjomba, nilikula bila hamu, maana yule mama hakuwa amesema uongo: aliyelala sakafuni hakuwa mimi.

Alipoletwa, mkalimani alimsomea shtaka polepole. Msichana akajibu kwa kirefu. Mkalimani akatugeukia. "Anasema ni kweli alikuwa mfanyakazi pale. Anasema simu aliichukua, kwa sababu hakulipwa miezi miwili. Mkufu haujui."

Kesi ikasikilizwa yote. Mlalamishi alipoulizwa aliuona mkufu lini mara ya mwisho, alitaja siku ambayo msichana alikuwa ameshaondoka kazini. Shtaka la mkufu likaporomoka hapo, nami nikaliacha liporomoke. Kwa simu alipatikana na hatia, maana kutolipwa hakumpi mtu ruhusa ya kuiba. Mwenyewe nilisimama nikaomba kifungo cha nje, na afisa wa probesheni akaniunga mkono. Sasa yuko kwao, anafagia zahanati siku tatu kwa wiki. Mshahara wake anaudai kwenye afisi ya leba.

Nimekuandikia kwa sababu jambo moja halinipi raha. Kabla ya asubuhi ile nilishapokea "ni kweli" ngapi, nikasoma maelezo yangu na kuketi? Nimeanza kuyapitia mafaili yangu ya zamani baada ya kazi. Bado sijaona la kutisha, lakini sijafika hata nusu.

Afisini walinicheka. Mmoja aliniambia, "Umehangaika bure. Si mwishowe ameonekana na hatia?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ya simu."

Pumzika, Mjomba. Shangazi, mkeo, hajambo; anakuombea dua kila Ijumaa.

Mimi,
Mpwa wako