Uyoga Usiokuwa na Mnunuzi

Kwa mwanangu kitinda mimba,

Huku hatujambo, ila mguu wa baba yako bado unavimba akisimama sana. Dada yako kajifungua wa kike, mashavu kama yako. Unakula vizuri huko, mama? Usifue mashuka ya hoteli na tumbo tupu.

Sasa nisikilize. Ile cherehani niliyokwambia iko kwa fundi, haiko kwa fundi. Niliiuza, pesa nikalipia kiingilio cha biashara ya uyoga. Mwenyekiti wa kikundi chetu alisema sisi tulime tu, kampuni itanunua wote. Uyoga umeota vizuri hadi umeoza, mnunuzi hajaja. Nikamwambia mwenyekiti, "Dada, nionyeshe hata mtu mmoja aliyeuza."

Akacheka. "Mama nawe! Wenzako wanalipwa kwa kuleta watu. Si una binti anayefanya kazi mbali? Mwandikie."

Basi ndiyo nimekuandikia. Nikikuleta wewe, narudishiwa changu chote. Lakini hicho changu kitatoka mfukoni mwako, mwanangu, na wewe utamtafuta nani? Dada yako mwenye kichanga?

Akiba yako ya kufungulia saluni usimpe mtu, hata akija na picha na mihuri. Muulize kwanza nani kanunua. Baba yako hajui bado, nitamwambia leo akishakula.

Watakupigia simu waseme mama yako yumo. Ni kweli nimo. Wewe usinifuate.

Mimi mama yako, nakuonea haya na nakupenda.