Shikamoo Kutoka Korea

Ijumaa usiku, Hopkins, Marekani

Bado nimeduwaa. Binti yangu Neema, aliyepelekwa na chuo chake Korea muhula huu kwa akili zake mwenyewe, tena si za kubahatisha, alinipigia video asubuhi najiandaa kwenda kazini, kwao usiku. Chama chao cha wapiga picha chuoni kimeenda kambi mlimani. Nikaona chumba kimoja, wavulana kwa wasichana wamekaa sakafuni, chupa za pombe katikati. Na watalala humo humo wote!

Kijana mmoja akamimina. Neema akapokea kikombe kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni, akanywa.

"Unanificha mimi, mama yako?"

"Sikufichi, Mama," akajibu kwa Kiingereza chake. "Huku mdogo hanywi akimtazama mkubwa. Ndiyo heshima."

"Huyo mkubwa kakuzidi miaka mingapi?"

"Mmoja."

Mmoja! Na mimi niliyemzaa, shikamoo yake sijaisikia tangu aanze shule hapa Marekani. Nikamwambia hivyo hivyo, mbele yao. Sikujali.

Kisha akawanong'oneza wenzake kitu, na chumba kizima kikainamisha vichwa mbele ya simu. "Shikamoo, Mama!" Neema wa kwanza, machozi yanamlenga.

Nikaitikia marahaba. Ile hasira sijui ilienda wapi. Hofu ndiyo imebaki.

Jumapili kanisani watasikia habari za shikamoo hiyo mpaka wachoke. Za zile chupa nitamweleza Mungu peke yake.