Mafuta ya Baraka kwenye Fidla ya Rebecka

Rissne, Stockholm
Tarehe 26 Mei 2025

Mpendwa yaya Kambale, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Masika na wote walioko nyumbani Butembo. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia huwezi hata kuinama kufunga viatu, nikacheka, kisha nikajuta. Na wale jamaa wa Lubero mliowapokea, wamepata pa kukaa? Huwa nawaombea kila nikisikia habari za huko.

Sisi tu wazima. Gaëlle wangu sasa amenizidi kimo. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, na mimi nimechoka kugombana naye.

Nimeandika kwa mkono, na anayekuletea ni Mama Libérate wa kwaya ya kanisani kwetu, anayekuja huko, kwa sababu ujumbe wa sauti wewe huusikiliza dukani mbele ya kila mteja. Haya ya leo ni yako peke yako.

Mwezi uliopita uliniambia nimemfungia mwanao Bonheur mlango kwa sababu ya mbao. Mbao, yaya. Neno hilo limenikaa kooni tangu siku ile. Basi keti nikueleze hizo mbao ni nini.

Kazi yangu unaijua. Wewe ndiye uliyeniuliza, huku ukicheka, kama Ulaya nzima imekosa nyuzi mpaka tupige muziki kwa matumbo ya kondoo. Ndiyo, ni matumbo ya kondoo. Kikundi chetu kinapiga muziki wa miaka mia tatu iliyopita kwa vyombo vya namna ya wakati ule. Fidla kubwa ninayoipiga haina mguu wa chuma wa kusimamia. Naibana kwa miguu yangu mwenyewe. Nyuzi zake ni utumbo uliosokotwa, na tunazikaza chini kidogo kuliko vinanda vya siku hizi, kwa maana ndivyo vyombo hivyo vilivyotengenezwa. Sauti yake haipigi kelele. Ina mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Ukishaizoea hiyo, nyingine zinakuchosha.

Na haikuwa yangu. Ni ya Rebecka, yule mwalimu aliyenifundisha tangu nilipofika huku mtoto, sijui Kiswidi hata neno, wewe ukiwa umebaki na bibi. Ameipiga maisha yake yote. Vidole vilipokakamaa aliniletea mwenyewe hapa Rissne, kwa metro, akasema anataka ipigwe, isitundikwe ukutani. Hana mtoto. Mimi ndiye aliyenichagua.

Mwaka huu, kwa ajili ya Ijumaa Kuu, nilipewa kupiga peke yangu kwa mara ya kwanza. Miaka yote nimekaa nyuma, nikitegemeza sauti za wenzangu. Safari hii kulikuwa na wimbo ambamo mwimbaji anasimama na fidla kubwa tu, na wengine wote wananyamaza. Rebecka alikuwa ameshajiwekea kiti cha mbele. Mimi nilikuwa nimeshonesha gauni.

Sasa sikiliza mwanao alichofanya.

Jumapili ya Matawi nilikuwa zamu kule kwa wazee ninaowahudumia, maana muziki wetu haujazi sufuria. Bonheur, ambaye alikuwa akikaa kwangu, akaibeba fidla mpaka kanisani kwetu Jordbro. Alitaka kunifanyia mshangao, sifa zipigwe na fidla kubwa. Kuomba ruhusa hakukumjia akilini, na hilo simlaumu peke yake. Kwetu kilichomo nyumbani kwa muumini ni cha Bwana, hakiombwi, kinachukuliwa kwa furaha. Ndivyo masufuria yangu yalivyohamia Jordbro, na sijayaona tena.

Akaijaribu na kinanda cha umeme, akaiona iko chini. Kwa hiyo akaikaza. Uzi wa kwanza ukakatika. Akaona nyuzi hizo zimeoza, wakamtuma mmoja wa wanamuziki akalete seti ya chuma aliyokuwa nayo nyumbani kwake, akazifunga zote, akakaza mpaka zikalingana na kinanda. Yaya, kinanda kile kina kitufe cha kushusha noti zote kwa mara moja! Bonheur mwenyewe hukibonyeza kila Mama Libérate anaposhindwa kufika juu. Kidole kimoja tu kingetosha.

Katikati ya wimbo wa pili ubao wa mbele ukapasuka, toka chini ya nyuzi mpaka ukingoni. Wanasema ulilia kama mlango.

Na hapo ingekuwa ajali tu. Lakini Mchungaji Januari akasema adui amekasirishwa na sifa zetu. Wakailaza fidla mbele ya madhabahu, wakaizunguka, wakaiwekea mikono. Kisha akatoa chupa ya mafuta ya zeituni, akaupaka ule ufa, wote, kwa kidole chake, kama anavyowapaka wagonjwa. Wengine walilia machozi.

Nilipofika nyumbani Bonheur alikuwa ananisubiri, na fidla imefungwa kwa shuka. “Tantine, ilikuwa imelegea, nikaikaza tu kidogo, un peu. Lakini usiogope, tumeshaiombea.”

Nilimwambia atoke. Sikumtukana. Nilimwambia tu atoke, akaenda kukaa kwa rafiki yake mmoja, mtaa wa Akalla. Hicho ndicho kisa cha mlango unaoupigia kelele.

Fundi wa fidla aliipokea, akaupapasa ule ufa, akanusa kidole. Akaniambia ufa kama huo kwa kawaida ni jambo dogo, gundi inashika na maisha yanaendelea. Ila mafuta yamekwisha kuingia ndani ya mti, na gundi haishiki penye mafuta. Itabidi aukate mti wote uliolowa, atie mwingine. Sauti itakayotoka hapo hawezi kuniahidi.

Rebecka aliomba nimpeleke akaione. Aliweka kiganja juu yake, akauliza harufu ile ni ya nini. Nikamweleza. Akauliza waliomba nini. Nikasema waliomba ilie vizuri. Alicheka kidogo, kisha akaniomba nimsaidie kuvaa koti. Afadhali angenitukana, yaya. Hajaniuliza tena habari zake.

Ijumaa Kuu alipiga mwenzangu Aron, na alipiga vizuri, siwezi kusema uongo. Mimi nilikaa karibu na Rebecka na gauni langu jipya. Kwenye ule wimbo alinishika mkono, na vidole vyangu vikawa vinakwenda vyenyewe chini ya mkono wake.

Unadhani yameishia hapo? Jumapili iliyopita kanisa limenizawadia fidla mpya. Walichangishana kimyakimya, wakaileta mbele wakiimba, imefungwa utepe, inang'aa kama gari la harusi, na nyuzi zake za chuma. Mtu afanyeje? Nilicheza mpaka mbele, nikapokea, nikashukuru, nikasema Mungu amenirudishia maradufu. Niliporudi kitini Gaëlle akaninong'oneza, “Mamma, du ljög.” Nimedanganya, anasema. Safari hii nilimwelewa vizuri kuliko Kiswahili chochote.

Wakataka nipige hapo hapo. Nikaketi, nikazishusha nyuzi kidogo, mpaka pale sikio langu lilipotulia. Bonheur alikuwa kwenye kinanda. Akabonyeza noti moja, akatikisa kichwa, akaniambia kwa upendo wote, mbele ya watu wote, “Tantine, imelegea,” akanyoosha mkono ili anikazie.

Niliuangalia ule mkono. Una vidole vya marehemu baba, virefu vile vile. Nikamwachia akaze, nikapiga walichotaka.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mwanao na aje. Kitanda chake kipo, na chakula atakula kama zamani, kwa maana ni damu yangu na hana ubaya moyoni, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ile mpya nimeiweka sebuleni, aipige atakavyo. Chumba ilimokuwa ikikaa ile ya Rebecka nimekifunga, na ufunguo natembea nao shingoni, ingawa ndani hamna kitu, maana yenyewe bado iko kwa fundi.

Nisalimie wifi Masika, na mwanao Shalom umwambie shangazi yake bado anamkumbuka alivyokuwa akiiba sukari. Mungu anyamazishe bunduki za huko na aunyooshe mgongo wako. Na kama unanipenda, lile neno mbao usilitamke tena.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Denise