Kadi Isiyoungua

Baraka, siku ya tano, Novemba 1956

Kumetakata tangu asubuhi, ziwa limetulia kama maji ndani ya beseni. Mimi sijatulia. Macho yananiwasha, mgongo unauma. Mwanangu Esta amelala mapajani pangu, homa ilimtoka jana mchana. Nikisogea ataamka, kwa hiyo ninaandika nikiwa nimepinda hivi hivi.

Nimechoka. Naliandika hilo kwanza, lisije likajipenyeza katika mengine.

Kesho anakuja Muzungu wa Jua kuchukua kadi zake. Ndivyo watu wa hapa wanavyomwita yule mwalimu wa fizikia na nyota aliyesimamisha tufe la kioo juu ya nguzo, nyuma ya nyumba yetu. Jua likiwaka, tufe linakusanya mwanga na kuunguza mstari kwenye kadi iliyo chini yake. Wingu likipita, mstari unakatika. Kila jioni natoa kadi, naweka mpya, naandika siku. Kazi ilikuwa ya mume wangu. Alipokwenda kutengeneza barabara ya Lulimba, nikaishika mimi. Muzungu alinipa mwaka mmoja: kadi zikiwa sawa, kazi inabaki kwangu. Zisipokuwa sawa, tufe linapanda Fizi kwa karani.

Kadi ya jana haina alama hata moja.

Siku ya tatu jioni niliweka kadi mpya, kisha nikambeba Esta mpaka dispansari, anawaka kama jiwe la jikoni. Tukalala kule. Giza lilipoingia tu, radi ikaanza. Mama mukwe akafanya kile tunachofanya sote radi inapopiga: akafunika kioo cha kujitazamia, akafunika sufuria zinazong'aa, mwisho akatoka mvuani akalifunga tufe kwa kitambaa chake cha kichwa, radi isije ikaliona. Asubuhi akaenda shambani, akasahau. Jana jua liliwaka kutwa nzima. Niliporudi jioni nilikuta tufe limevaa kilemba.

Nilitaka kucheka. Nikakaa chini nikalia kidogo, kisha nikampikia mtoto uji.

Leo asubuhi mama mukwe alikuja na kijiti chenye kaa la moto.

"Mama Esta, leta ile kadi, mi nitachora. Jua ya jana si kila muntu aliiona?"

"Aliiona, Mama."

"Basi uongo iko wapi?"

Nilishika ile kadi, na kusema kweli, nilianza kutafuta kwa jicho mstari ungeanzia wapi.

Ndipo nikamkumbuka Muzungu mwenyewe, siku alipokaa kwenye kigoda chetu akila muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu, akatusimulia maisha yake. Mtoto wa fundi wa saa. Alisoma mpaka walimu wake wakakosa cha kumfundisha. Miaka mingi alilala mchana na kutazama nyota usiku, juu ya mlima wa baridi, mpaka mkewe akamwambia ameolewa na kisogo. Jicho lake moja liliharibiwa na jua lile lile alilokuwa akilipima. Wakati wa vita alizika mabuku yake ya vipimo chini ya viazi. Nikamwuliza kama katika mabuku hayo hakuna siku iliyokosekana. Akasema iko moja, siku ya kumzika mama yake.

"Jua iliwaka, niliiona. Lakini sikuipima."

Ameiacha wazi mpaka leo.

Nikarudisha kijiti. "Hapana, Mama."

Akasonya. "We na Muzungu yako. Kioo ikienda Fizi, utapima nini? Moshi?"

Hajakosea. Sijamwambia mtu, lakini nalipenda tufe lile. Siku zangu zinafanana: maji, shamba, sufuria, vitambaa vya mtoto. Zinaisha bila alama. Ni kadi tu inayonionyesha kwamba siku ilikuwapo.

Nyuma ya kadi ya jana nimeandika: Jua liliwaka. Usiku wa kuamkia siku hiyo radi ilipiga, tukalifunika tufe.

Sasa hivi mama mukwe amesimama mlangoni. Hajui kusoma. Anauliza kama nimeandika jina lake.

"Nimeandika sisi."

Amemchukua Esta mapajani pangu, polepole, bila kumwamsha. "Nyoosha mugongo," ameniambia. "Mi niko."

Tufe liko wazi, naona moshi mwembamba ukitoka kwenye kadi ya leo.

Kesho nitampa Muzungu kadi zote mkononi, na ile isiyoungua nitaiweka juu.