Vidonge vya Majengo Usivimeze

Mama Chausiku mke wangu, magoti yameamkaje?

Tangu biashara iwe huru, Dodoma kila mwenye meza ni daktari. Leo nimeingia duka la dawa kukuongezea vile vidonge vya magoti nilivyokutumia juzi. Mfamasia, binti mdogo, akafungua kitabu kinene! Nikamcheka: "Mjukuu, miaka yote shuleni bado hujui? Muuza vitunguu wa soko la Majengo alinipa vile vya kwanza bila kusoma hata herufi!"

"Ndiyo maana nasoma, babu. Bibi ana vidonda vya tumbo?"

Nikamwambia unavyo, tena vya siku nyingi. Akanionyesha mstari kwa kidole: vinaweza kukutoboa tumbo.

Basi usivimeze. Kadi hii nampa kondakta wa basi la mchana, maana posta watailalia. Nikirudi nitukane upendavyo, ila nikukute mzima.

Mumeo, msomi wa darasa la tatu