Mgonjwa wa Kwanza wa Daktari Tolliver

Bordesley Green, Birmingham
9 Februari 2003

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Kifua chako kinaendeleaje tangu mvua zile za Disemba? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno. Najua simu huipendi, kwa hiyo nimekaa niandike, maana jambo lenyewe si la kungoja.

Ejensi ya kutunza wazee imenipa mteja mpya, mama mzee anayeishi peke yake karibu na hospitali kubwa. Ni Mmarekani mweusi, anaitwa Daktari Odessa Tolliver. Kila asubuhi namwosha, namvalisha, namkorogea uji. Alikuwa daktari mpasuaji, na jirani yake Gurmit anasema zamani magari ya wakubwa yalikuwa yakimfuata hapa mlangoni. Sasa vidole vimempinda, hata kifungo cha sweta hawezi kukifunga.

Mama, sebuleni kwake kuna picha mbili ndani ya fremu moja. Ya kwanza ni ya msichana ambaye mdomo wa juu umepasuka hadi puani. Ya pili ni msichana yuleyule, mdomo umeshonwa. Nilipoiona ya pili nilisogea karibu nayo. Ni uso wangu mimi. Nikamwuliza, "Huyu ni nani?" Akasema, "Mgonjwa wangu wa kwanza, kule Kiirigu. Ndiye aliyenifanya nijulikane." Nikamwuliza jina la msichana. Hakulikumbuka.

Mama, ni wewe? Kuhusu kovu lako uliniambia tu lilishonwa na daktari wa misheni, ukaishia hapo. Kwa sasa sijamwambia kitu.

Mwanao,
Kendi

*

Kiirigu, Meru
2 Machi 2003

Kendi mwanangu,

Salamu zako zimefika na nimezifurahia. Kifua kimetulia. Usiende kazini na njaa, na uvae soksi mbili.

Ni mimi. Barua yako niliifungua pale posta nikiwa nimesimama, nikaimaliza nikiwa nimekaa chini kwenye ngazi, watu wananipita.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nakula nimegeukia ukuta, na nje sikutoka bila leso mdomoni. Daktari Tolliver ndiye mtu mweusi wa kwanza niliyemwona akiwaamuru wazungu. Walimwambia kwamba bila mashine ya kumlaza mgonjwa usingizi, kazi hiyo haiwezekani. Akasema atanidunga ganzi hapa usoni tu, na atashona mdomo na pua kwa mara moja. Nilikuwa macho, Kendi. Alishona huku akiniimbia. Nilipotoka, watu walikuja kutoka hata Embu kunitazama.

Kisha akaniambia, "Mlango wa mbele nimefunga. Bado paa." Alimaanisha kaakaa langu, huku juu ndani ya mdomo, lililokuwa wazi bado. Akasema nirudi baada ya mavuno. Nilirudi baada ya mavuno, nikaambiwa ameenda Marekani. Nikarudi mwaka uliofuata, na mwaka mwingine tena.

Wewe ulizaliwa ukiisikia sauti yangu, kwa hiyo hujui wengine wanasikia nini. Maneno yananitokea puani. Dukani naonyesha kwa kidole. Kwenye simu watu wananikatia, na ndiyo sababu mimi na wewe tunaandikiana. Babako alipoondoka aliwaambia wazee amechoka kumwomba mke wake arudie kila neno.

Usimwambie kwamba namchukia. Sijui kama namchukia. Mwulize tu kwa nini hakurudi.

Mamako

*

Birmingham
30 Machi 2003

Mama yangu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu. Mimi sijambo kwa mwili.

Nimemwuliza. Nilikuwa namchana nywele. Nikasema, "Yule msichana wa kwenye picha ni mama yangu. Anaitwa Mukwanjeru. Anauliza kwa nini hukurudi." Aligeuka akanitazama usoni. Halafu akauliza, "Bado anaongelea puani?"

Kwa hiyo alikuwa anajua, Mama. Jina ndilo alilosahau, kaakaa hakulisahau.

Akanieleza maisha yake. Alizaliwa Birmingham nyingine, ile ya Alabama, baba yake akifanya kazi kwenye tanuri za chuma. Kwenye chuo cha udaktari, darasani kwao hakukuwa na mwanamke mwingine wala mtu mweusi mwingine. Alipofuzu upasuaji, hospitali zote zilimkatalia kisu. Alikuwa akishikilia tu vyombo, huku wanaume aliowashinda kwenye mitihani wakipasua. Ndipo misheni ikamleta kwetu, mahali ambapo hakuna aliyemzuia.

Baada ya kukushona wewe, alipeleka picha zako kwenye mkutano wa madaktari huko Chicago. Walisimama wakampigia makofi. Hospitali zilizomkatalia zikaanza kumpigia simu. Baadaye hospitali kubwa ya mji huu ikamwita, aje afundishe njia yake ya kushona bila mashine, akakaa moja kwa moja.

Akaniambia, "Ningerudi Kiirigu ningekuwa mtakatifu wa misheni. Mimi nilitaka kuwa daktari mpasuaji. Milango ilikuwa imefungwa tangu nizaliwe, ikafunguka yote pamoja. Wewe ungefanya nini?"

Nikasema, "Na mama yangu?"

Akasema, "Kwenye picha mdomo umefungwa. Kaakaa halionekani."

Nilimaliza kumchana. Sijui nilimalizaje.

Mwanao,
Kendi

*

Birmingham
14 Julai 2003

Mama,

U hali gani? Nauliza kwa moyo, maana tangu Machi sijaona hata mstari mmoja kutoka kwako. Shangazi ameniandikia kwamba unakwenda shambani kama kawaida, basi nimejua umeamua tu kutonijibu.

Daktari anadhoofika. Wiki iliyopita aliniomba nimtafutie namba ya Daktari Hillow, aliyekuwa mwanafunzi wake hapa na sasa yuko Nairobi. Anafunga makaakaa ya watoto. Nilisikia wakiongea. Alimwambia, "Kuna kazi yangu niliiacha nusu. Nakuomba uimalize." Daktari Hillow amekubali kukuona siku yoyote utakayofika, na hatakudai kitu.

Daktari Tolliver anauliza pia kama utamtumia neno, hata moja. Mchana anakaa akiitazama ile fremu, na machozi yanamtoka bila sauti. Najua utasema na alie. Lakini mimi ndiye ninayempangusa.

Tafadhali nenda Nairobi.

Mwanao,
Kendi

*

Kiirigu
10 Agosti 2003

Kendi,

Mimi ni mzima, na nashukuru kwa kuniulizia. Huku mahindi yamekauka kabla ya kubeba.

Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika, niliona watu wa Chicago wamesimama wakipiga makofi. Picha zangu zimefika Chicago, na mimi mwenyewe sijafika hata Mombasa. Hakuna aliyeniuliza kama zinaweza kwenda. Wote hao walinitazama mdomoni, na hakukuwa na hata mmoja aliyesema, hebu msichana aongee tumsikie.

Unasema alifungiwa milango. Naamini. Namwonea huruma yule msichana wa Alabama. Lakini aliyejua kufungiwa mlango angefikiria mimi nimesimama wapi, mwaka baada ya mwaka, nimeshika kikapu cha mayai niliyomletea.

Neno analolitaka ni kwamba nimemsamehe. Analitaka ili alale vizuri. Mwambie hapana.

Na huyo Hillow simtaki. Nikipewa sauti leo niongee na nani? Walionicheka shuleni wamezeeka, na mume alishaenda zake. Niliacha kuimba kanisani kabla hujazaliwa.

Na wewe unamlisha, unampangusa, halafu unakuja kuniomba nimhurumie. Wewe ni wa nani?

Mamako

*

Birmingham
8 Novemba 2003

Mama,

Salamu. Sitauliza mengi, najua afya yako kwa Shangazi.

Daktari Tolliver amefariki. Siku chache kabla, aliniuliza, "Mukwanjeru ameandika?" Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia, "Ameandika. Amesema hapana." Akafumba macho, akasema, "Ana haki. Mimi pia ningesema hapana."

Tulimzika kwenye mvua, watu wachache sana. Gurmit alipika dengu na chapati kwa waliokuja. Madaktari wawili wazee walihutubu kuhusu nyuso alizozitengeneza upya duniani kote. Gazeti la hapa liliandika kwamba alikuwa wa kwanza katika hili na wa kwanza katika lile. Wewe uliandikwa "msichana mmoja wa Kenya".

Uliniuliza mimi ni wa nani. Nilimwosha kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyopata katika nchi hii, na kwa sababu alikuwa mzee asiyeweza kujiosha. Nilikuwa narudi nyumbani mikono inanuka sabuni yake, nakuta kimya chako mlangoni. Mlinifanya posta, yeye na wewe. Nimechoka.

Hospitali ya Kiirigu inapanga ibada ya kumkumbuka. Watakutafuta. Nenda au usiende.

Kendi

*

Kiirigu
25 Januari 2004

Kendi mwanangu,

Nakusalimu, na hii salamu ni ya kweli. Mwisho wa barua yako hukuandika "mwanao". Niliona. Nilikuwa sina haki ya kukuuliza vile.

Nilikwenda Nairobi kabla ya Krismasi, sikumwambia mtu. Daktari Hillow ni mtu mpole. Alinimulika mdomoni kwa tochi, akatazama muda mrefu. Akasema kaakaa linaweza kufungwa, lakini sauti haitabadilika. Ulimi na koo vimeshazoea njia yao. Akasema, "Mama, ungekuja ukiwa msichana." Nilicheka hadi nesi akaja kuchungulia. Nilimwambia aniache nilivyo.

Ibada ilifanyika Jumapili iliyopita. Bwana Bethuel, msimamizi wa hospitali, alikuja nyumbani mwenyewe na kitenge kipya. Akasema, "Utasimama tu mbele, Mama, watu wakuone. Kusoma nitasoma mimi." Nikavaa, nikaenda, nikasimama. Kanisa zima likapiga makofi. Bwana Bethuel akaanza kusoma shukrani zangu, shukrani ambazo sikuwahi kumpa mtu.

Nikamnyang'anya kipaza sauti.

Nilisema, "Daktari Tolliver alikuwa fundi. Alinipa uso, akaenda nao Marekani. Aliniahidi sauti, na hakurudi."

Watu walitazamana. Mwanamke mmoja wa nyuma akaita, "Hatukusikii vizuri, Mama!" Vijana wa kwaya wakainamisha vichwa wacheke. Bwana Bethuel akanyoosha mkono, akasema kwa upole, "Lete, Mama, nikusaidie kuwaambia." Sikuachilia. Nikarudia, polepole. Wengine wakaanza kuelewa, nikaona kwenye nyuso zao. Nikarudia tena yote, tangu mwanzo, jasho likinitiririka ndani ya kitenge chao.

Mara hiyo walisikia. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyesema amina. Walikaa wakitazama chini, na mimi nikaendelea kusimama pale mbele hadi mchungaji alipoona haya akaanzisha wimbo.

Mamako