Kitabu Chembamba cha Besi

Mpendwa Yaya,

Nafasi ya besi iko wazi tena. Kiongozi wa orkestra ya Ruashi amenithibitishia mwenyewe jana: mpigaji wake amewafuata wazazi wake Kasai. Nikakutaja wewe, kaka yangu mkubwa anayefanya kazi reli ya Sakania. Akacheka. "Yule wa misa? Akuje. Lakini sasa asome kwanza."

Nakuandikia gazetini kwa sababu tangu Katanga ijitenge, posta ya Sakania hufika inapotaka. Gazeti letu hulikosi, hata kama unaanzia ukurasa wa mpira.

Unakumbuka majaribio yako ya kwanza? Nilikuwepo. Kiongozi aliandika noti tatu: do, fa, sol. Wewe ulimsikiliza mwimbaji, ukaitafuta do kwenye koo lake, ukaanza kupiga kwa raha zote. Orkestra nzima ilikuwa chini, sauti yako iko juu yao kidogo.

"Simama! Do yako iko wapi?"

"Iko fasi unapenda, chef, pahali popote."

Mpiga ngoma alianguka kwa kicheko. "Huyu iko anapiga misa!"

Ulicheka kuliko wote. Kosa lenyewe tulilirithi parokiani. Hatukuwa na kinanda cha harmoniamu, kwa hiyo Mwalimu wa kwaya alitoa do kwa mdomo, na kila Jumapili aliishusha au kuipandisha kulingana na sauti za akina mama siku hiyo. Tulikua tukiamini do huhama. Tukirudi nyumbani Makomeno uliniambia, "Mudogo, miye najua kuimba yote. Gitaa ndiyo haijui."

Leo asubuhi nimekwenda dukani kukuchagulia kitabu cha nadharia ya muziki. Vilikuwepo vitatu. Cha kwanza ni cha shule, kizuri, lakini ni cha waimbaji. Kingekurudisha kwa Mwalimu. Cha pili ni kinene, chote ni harmonia.

"Kamata hiki kikubwa, Monsieur, kiko na kila kitu," muuzaji alinisihi.

"Kaka yangu iko na siku kumi tu."

"Basi akamate kidogo, na asali kwa Mungu."

Nimechukua cha tatu, chembamba, cha kontrabasi, ile besi kubwa ya kusimamisha. Kinaanza na ufunguo wa fa, ule wa sauti za chini, tangu ukurasa wa kwanza, na kinachora nyuzi nne na mahali pa kila noti. Nimemuuliza mpiga kontrabasi wa hoteli: nyuzi zake hufungwa sauti zilezile za gitaa lako la besi. Do iko kwenye uzi wa tatu, ukihesabu kutoka ule mwembamba. Kwako wewe, mwenye gitaa la vyuma shingoni, bonyeza nyuma ya chuma cha tatu. Haihami, Yaya, hata mwimbaji akilia. Soma sura tatu za mwanzo, nyingine ziache.

Mji una askari kwenye kila njia panda, na Jumamosi watu bado wanacheza. Mama amesikia habari hii na tangu jana anaimba sauti yako ya besi jikoni, vibaya sana. Nina hamu nawe. Nalisema mara moja tu, lisije likakatwa na mhariri.

Mama Kabwe, jirani yetu, anakuletea kitabu kwa treni ya Alhamisi, mpokee stesheni. Wewe panda ya Jumatano inayofuata, na gitaa. Kiongozi atakusikiliza Ruashi Ijumaa hiyo, saa kumi alasiri.

Mudogo wako